Kabla ya kumkemea, tazama kilichotangulia

Mtoto wa dada yangu ana miaka sita na ana usonji (autism), yaani ubongo wake unapokea mambo na kuwasiliana kwa namna tofauti na wengi wetu. Kuna wiki alianza kujipiga makofi shavu la kulia, hasa wakati wa kula. Kila mtu nyumbani alikuwa na lake: anadeka, ameiga mahali, anataka aangaliwe. Tulimkemea, tukamshika mikono. Siku ya tano mama yake akammulika mdomoni kwa tochi ya simu, akakuta gego limetoboka na ufizi umevimba. Siku tano nzima mtoto alikuwa anatuonyesha panapomuuma, na sisi tunamzuia mikono asituonyeshe.

Tangu hapo neno "mtundu" likitamkwa juu ya mtoto mwenye usonji linanichoma. Tunakodolea macho tendo lenyewe na hatuulizi dakika kumi kabla yake kulikuwa na nini. Kelele? Safari iliyoahirishwa bila yeye kuambiwa? Njaa, usingizi mchache, tumbo lililofunga choo? Tabia ikibadilika ghafla, hasa mtoto akianza kujiumiza, mimi nasema aonwe na daktari kwanza. Mambo ya nidhamu yatasubiri.

Na kelele ninayoitaja huenda wewe huisikii kama kelele. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013, DSM-5, uliingiza rasmi hisia kali mno, au hafifu mno, kwenye dalili za usonji: sauti, mwanga, mguso, harufu. Huyu wetu akiiona tu blenda inatolewa kabatini anaziba masikio, hata kabla haijachomekwa kwenye umeme. Lebo ya shati shingoni inaweza kumharibia asubuhi nzima.

Ndiyo maana ni muhimu kujua kama mtoto anadai kitu au amezidiwa. Anayedai mara nyingi hukuchungulia kama unamtazama, na akipewa anachotaka hunyamaza. Aliyezidiwa hata umpe dunia hanyamazi, kwa sababu hana breki wakati huo. Kumchapa au kumfokea ni kumwongezea mzigo uliomwangusha. Punguza mwanga, punguza watu, na zaidi ya yote punguza maneno. Hapo ndipo sisi watu wazima tunapokosea sana: mtoto analia, na watu wanne wanamsemesha kwa mpigo, "nini, unataka nini, niangalie, niangalie!" Kaa karibu, nyamaza, hakikisha hajiumizi, ngoja. Usimlazimishe akutazame machoni.

Akiwa na kiu, mtoto huyu husema, "Unataka maji?" Kwa muda mrefu tulimjibu, "Hapana, mimi sitaki," naye analia. Kumbe sentensi hiyo ndiyo aliyoisikia kila alipopewa kikombe, basi kwake ndiyo jina la maji. Tangu miaka ya 1980 mtafiti Barry Prizant na wenzake walionyesha kwamba kurudia maneno namna hii mara nyingi kuna kazi: kuomba, kukubali, kujituliza. Kupunga mikono na kujibembeza nako, kama hakumuumizi mtu, muacheni. Mara nyingi tunamzuia kwa aibu yetu mbele ya wageni.

Kuna methali wanayotupiwa akina mama wa watoto wenye usonji, "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Iacheni. Daktari wa akili Leo Kanner alipoeleza habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, haukupita muda lawama ikawaangukia wazazi, kwamba ubaridi wao ndio chanzo. Lawama hiyo ilikuja kukataliwa na utafiti, lakini iliwaumiza wazazi wengi miaka mingi, na bado naisikia kwa maneno mengine. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: wao hawatuelewi, na sisi hatuwaelewi. Nakubaliana naye kabisa, ila katika nyumba yetu aliyefanyishwa kazi yote ya kuelewa alikuwa mtoto wa miaka sita.

Juzi alinishika mkono, akanivuta mpaka jikoni, akasimama mbele ya blenda na kuziba masikio. Nikachomoa waya, nikairudisha kabatini. Akashusha mikono, akaenda zake kupanga vigari vyake.