Koti Kwanza, Mtu Baadaye

Usingizi ukinigomea huwa napekua picha mtandaoni za watu nisiowajua, wamesimama tu kando ya barabara na nguo zao. Si wanamitindo. Huyu yuko njiani kwenda kazini, yule kashika mfuko wa vitunguu.

Nilianzia Hel Looks, mkusanyo wa picha za watu wa Helsinki ulioanza mwaka 2005. Pale mtu hupigwa picha mzima, utosini hadi viatuni, halafu anaeleza mwenyewe alichovaa. Mwanzoni niliyaruka maelezo. Siku hizi nayasoma kwanza, maana ndimo unamogundua kwamba lile koti la kifahari ni la mtumba, au limetoka kabatini kwa bibi.

Kuna picha moja, sikumbuki hata niliikuta wapi, nimeirudia mara nyingi. Mama wa makamo, koti la kijivu, la kawaida kabisa. Ukiikuza ndipo unaona: kifungo cha juu si cha koti lile. Ni chekundu, kimeshonwa kwa uzi wa njano, na uzi wenyewe haukufichwa. Nguo zote za maduka makubwa hazijanifundisha kuvaa kama kifungo kile.

Jicho la namna hiyo alikuwa nalo Bill Cunningham, mzee aliyezunguka New York kwa baiskeli akipigia picha gazeti la New York Times, mwenyewe kavaa koti la bluu la wafagia barabara wa Paris. Mwaka 1978 alimpiga picha mwanamke fulani kwa sababu tu bega la koti lake lilikuwa limekatwa vizuri. Baadaye ndipo akajua kuwa alikuwa Greta Garbo, nyota wa sinema za zamani. Alikuwa ameliona koti, staa hakumwona!

Leo mambo yamegeuka. Fungua picha zinazoitwa za mtaani wakati wa wiki za mitindo: mtu anapita mlango uleule mara tatu, mkoba wa kuazima begani, anageuza shingo kana kwamba hakuona kamera. Mimi hizo nazipita haraka. Sisemi kujipamba ni kosa. Vijana wa Harajuku, Tokyo, waliojaa kwenye jarida la FRUiTS la Shoichi Aoki tangu 1997, walijipamba kupita kiasi, ila walichanganya kimono, mitumba na vitu walivyojishonea, kila mmoja kwa wazimu wake. Mwaka 2017 Aoki alilifunga jarida, akisema hapati tena vijana wa kuwapiga picha. Bahati nzuri kurasa nyingi za zamani bado zinazunguka mtandaoni, na humo hakuna wawili waliofanana.

Wiki iliyopita nilikata kifungo cha juu cha koti langu, nikashona kingine chekundu. Uzi wa njano sikuupata. Nimetumia mweupe.