Kamanda Afyata Mkia

Kamanda ana kilo 38, na ana sauti inayowafanya wageni wangu wapige simu wakiwa bado barabarani kuuliza kama amefungwa. Akibweka usiku, hata mimi mwenye nyumba huwasha taa. Mwizi akiruka ukuta wangu, hayo ni yake na Kamanda; mimi nitakwenda kusikiliza kesi asubuhi.

Mbwa huyohuyo, mtajie daktari wa mifugo uone. Kadi yake ya chanjo naiweka kwenye droo ya jikoni, pamoja na vijiko na uma. Droo ile hufunguliwa kutwa kucha na yeye wala hashughuliki. Lakini siku nikiifungua kufuata kadi, kabla sijagusa kitu, jamaa keshaingia uvunguni mwa kitanda, kilichobaki nje ni mkia. Anajuaje? Mwulizeni mwenyewe.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa si kitu cha kusema tutaona mwakani. Asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huo huambukizwa na mbwa, na dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu kila mara ni safari ya kaburini. Kwa hiyo lazima aende. Swali lilikuwa anaendaje.

Washauri wakajitokeza. Jirani yangu akaniambia, "Mbwa ni mbwa. Mfunge kamba, mburute, akifika atazoea." Jirani huyu kwake anafuga kuku. Binti yangu, ambaye akishasoma jambo simwezi, akasema kumburuta mbwa mwenye hofu ni kumthibitishia kwamba kweli huko tunakokwenda kuna hatari. Akaandika ratiba, akaibandika kwenye friji, na kuanzia siku hiyo nyumba nzima ikawa shule ya mbwa.

Tulianza na kile kikapu cha plastiki cha kuvalisha mdomoni. Si ule mkanda wa kitambaa unaobana taya; huo humzuia mbwa kuhema, na mbwa asipohema hana njia nyingine ya maana ya kujipoza. Kikapu kina nafasi, anahema, anakunywa maji, hata nyama unampitishia kwenye matundu. Binti alikuwa anapaka nyama iliyosagwa ndani yake, anakishika tu, na Kamanda anaingiza pua mwenyewe kwa hiari yake. Mwishowe ikawa tukikisahau anatuletea. Tena anakuja amekibeba kwa madaha, anakiangusha miguuni pako, anakutazama kama unachelewa.

Baada ya hapo tukamzoesha kushikwashikwa: inua mdomo uone meno, chungulia sikio, shika kucha, finya kidogo ngozi ya begani pale sindano itakapopita, kisha nyama. Halafu tukawa tunampeleka kwa daktari bila ugonjwa wala sindano. Anapanda mizani, anapewa kitu kitamu na wahudumu, tunarudi nyumbani. Pale mwanzo alikuwa anaweka breki kuanzia getini. Baadaye akawa anaingia mwenyewe, mkia unapepea, anakwenda moja kwa moja kwenye mizani na kukaa, anangoja malipo yake.

Mbwa akawa tayari. Ila katika ratiba yote ile ya kwenye friji hakuna mstari hata mmoja uliokuwa wa kuniandaa mimi.

Kwa maana mimi na sindano hatuivi chungu kimoja, hata ikiwa ni ya mtu mwingine, hata ikiwa ni ya mbwa. Siku ya chanjo niliamka na tumbo la mtihani. Nilioga, nikatoka jasho, nikaoga tena. Ndani ya gari binti akaninusia kwa hila na kusema, "Baba, unajua mbwa wananusa wasiwasi wa mtu? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, waliwapa mbwa jasho na pumzi za mtu akiwa ametulia, na za mtu huyohuyo akiwa na wasiwasi, na mbwa wakatofautisha." Nikamwambia atazame mbele. Kamanda kule nyuma alikuwa ameacha kuangalia dirishani. Alikuwa ananiangalia mimi.

Chumba cha kusubiria kilikuwa kimya. Benchi moja refu la mbao lilikuwa limeegemea ukuta, na juu yake alikaa bibi mmoja mwenye paka ndani ya kikapu. Nikaizungusha kamba ya Kamanda kwenye kifundo cha mkono, mara ya kwanza, ya pili, na nyongeza kidogo kwa usalama. Kamanda akapiga mwayo.

"Unaona?" nikamnong'oneza binti. "Ametulia mpaka anasikia usingizi."

"Baba, huo si usingizi. Hofu hiyo."

Akalamba midomo ilhali hakuna alichokula. Akageuza macho bila kugeuza kichwa, weupe ukaonekana pembeni. Mkia, ule uliokuwa unapepea wiki zote zile, ukaingia taratibu katikati ya miguu. Binti akanionyesha sakafuni. Kila alipokanyaga palibaki alama ya unyevu, nyayo nne safi kabisa kwenye vigae, kwani mbwa hutoka jasho kwenye nyayo. Nami nikatazama kiganja changu kilichoshika kamba. Kilikuwa kinatiririka. Sisi wawili tungeweza kupiga deki pale.

Mlango wa ndani ukafunguka. Ikatoka harufu ya spiriti, na pamoja nayo, naamini, harufu ya kila mbwa aliyewahi kuogopa humo. Pua ya mbwa ina chembe za kunusia zaidi ya milioni 100, sisi tunajikongoja na kama milioni 6. Kisha mtu huko ndani akaangusha bakuli la chuma.

Watu husema niliingia chini ya benchi. Sikuingia. Niliingizwa. Kilo 38 ziliondoka zikielekea uvunguni, kamba ikiwa imezungushwa mkononi mwangu kwa usalama, na nilipopata fahamu ya nilipo, kichwa, mikono na mabega vilikuwa chini ya benchi, kiuno kimekwama kwenye ubao wa mbele, na miguu iko chumbani na watu wengine. Kamanda alikuwa amejikunyata kwenye pembe, mgongo ukutani, pua yake imegusa yangu. Juu yetu, mbao zikalia kidogo.

"Mwanangu," ikasema sauti ya yule bibi, "umeangusha kitu?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Tukanyamaza kidogo. Paka akakohoa.

Sasa wenye mbwa wanajua, na wasiojua wajue leo, kwamba mbwa ana vifuko viwili vidogo vya majimaji, kimoja kila upande wa tundu la haja, na akishikwa na hofu kali vinaweza kujifungua vyenyewe. Majimaji yale yananuka kama samaki aliyesahauliwa juani tangu juzi. Kwenye uwanja mpana, unasogea pembeni, maisha yanaendelea. Mimi sikuwa na pembeni. Niliziba pumzi mpaka macho yakatoa machozi, na nilipoivuta tena nikajuta kuzaliwa na pua. Huko juu nikasikia bibi anasimama na kukihamisha kikapu chake, akisema kwa upole, "Pole sana, mwanangu." Hadi leo sina hakika alidhani ni nani.

Binti yangu hakuwa na msaada wowote. Nilikuwa naona viatu vyake tu, na vilikuwa vinatetemeka kwa kicheko.

Daktari akatoka. Nilitegemea wanaume wawili wenye nguvu watatuvuta, mmoja huku, mwingine kule. Badala yake nikaona magoti ya suruali ya kijani yanashuka sakafuni, upande wa pili wa benchi. "Asivutwe mtu," akasema. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. "Mbwa akishajichagulia mahali anapojiona salama, anayehama ni mimi. Tutamtibia hapohapo. Wewe baba, legeza kamba, halafu pumua."

Kupumua ndiko kulikokuwa na shida, lakini nikalegeza.

Ajabu ni kwamba kamba ilipolegea tu, Kamanda naye akalegea. Daktari akamrushia vipande vya nyama kimoja kimoja, bila kumkodolea macho, huku anaongea na bibi habari za paka. Nikamsikia binti anauliza kama kumbembeleza mbwa mwenye woga ni kumfundisha woga, maana jirani wa kuku ndivyo anavyosema. Daktari akajibu kwamba hofu si ujanja wa kupata nyama, kwa hiyo hailipwi ikaongezeka. Mbwa anayepapaswa na kutulia, mpapase. Anayekaripiwa ndiye anayeongeza sababu ya kuogopa. Binti akavaa kile kikapu cha mdomo mkononi, akakipitisha kando ya sikio langu, na Kamanda, naapa, akaingiza pua mwenyewe. Masomo yote yale hayakwenda bure.

Ikaja zamu ya kupima. Chini ya benchi kulikuwa giza, na aliyeziba mwanga ni mimi, kwa hiyo daktari alifanya kazi kwa kupapasa. Nikasikia kitu baridi cha duara kinatua, kikatulia.

"Moyo unakimbia sana," akasema. "Mbwa mkubwa akiwa ametulia tunategemea 60 hadi 100 kwa dakika. Huu umepita 130." Akasogeza kile chuma kidogo. Kimya. Akasogeza tena. "Samahani, huyu mbwa mmemvalisha shati?"

"Daktari," nikasema, "huyo ni mimi."

Viatu vya binti vikatoweka. Nilikuja kuambiwa alitoka nje kwenda kucheka vizuri.

Sasa fikirieni hali yangu niliposikia sentensi iliyofuata. "Haya, nipe kipimajoto. Na mafuta."

Kwa mbwa, joto hupimwa kwa nyuma. Hilo nalijua, nimelishuhudia kila mwaka nikiwa nimesimama wima na heshima zangu. Lakini mwanamke huyu dakika moja iliyopita alikuwa ameshindwa kunitofautisha na mbwa, na sasa mkono wake ulikuwa unaingia tena gizani. Nilipiga kelele ambayo nadhani hata yule paka aliielewa. "Wa kwangu uko huku! Mkia! Tafuta mkia kwanza!"

"Tulia, baba, nimeupata."

"Una manyoya?"

"Una manyoya."

Kipimo kilisoma 39.6. Kawaida ya mbwa ni kati ya 38.3 na 39.2, nikaanza kuomboleza, lakini daktari akasema hofu peke yake hupandisha joto; mbwa huyu anakula nyama kwa furaha, hatapiki, hana dalili nyingine, kwa hiyo kipimo hicho hakimtishi. Kilichomtisha, akasema, ni mimi.

Sindano yenyewe sikuiona vizuri. Niliona inapita karibu na pua yangu, nyembamba, inang'aa, na kutoka kwenye benchi lile ukasikika mlio mrefu wa huzuni. Bibi wa paka akasema, "Maskini mbwa." Kamanda wakati huo alikuwa anatafuta kipande cha nyama kilichonasa kwenye kikapu, na ngozi ya bega lake ilishaachiliwa. Hakugeuza hata sikio.

Yeye akatoka kwanza. Njia pekee ilikuwa juu ya mgongo wangu, akaipitia yote bila haraka, akasimama kiunoni kwangu kujikung'uta kuanzia kichwani mpaka mkiani, kama wafanyavyo mbwa wakishatua mzigo, kisha akaruka chini na kwenda kukaa kwenye mizani. Kunitoa mimi kulihitaji wahudumu kuliinua benchi, bibi akishikilia kikapu na kutoa maelekezo: "Kichwa kwanza. Hapana, kichwa chake kimezidi. Rudisheni."

Daktari alijaza kadi, akatueleza kwamba mwakani tusubiri uani mpaka tuitwe, badala ya chumbani. Wapo mbwa ambao mazoezi hayawatoshi, akasema, na kwao kuna vidonge vya kutuliza wanavyopewa nyumbani kabla ya safari. Lakini viandikwe na daktari, kwa uzito wa mbwa. Mtu asije akachota kwenye kabati la dawa zake, kwa sababu ibuprofeni na parasetamoli, tunazomeza sisi kichwa kikiuma, zinaweza kumdhuru mbwa vibaya. Nikauliza kama Kamanda anahitaji vidonge. Akaniambia Kamanda hahitaji, na akaendelea kuniangalia.

Picha ya miguu yangu ilifika kwenye kundi la familia kabla sisi hatujafika nyumbani. Shemeji zangu wameifanya ya salamu za sikukuu.

Tumeendelea kwenda pale kupima uzito, maana mazoezi hayaachwi. Kamanda ametengewa mkeka wake wa mpira pembeni, usioteleza, na anaujua. Juzi nikaona kwamba mbele ya lile benchi, kuanzia ubao wa juu hadi sakafuni, wamepigilia mbao mpya, hapapiti hata panya. Nikamwambia yule kijana wa mapokezi kwamba ni wazo zuri, mbwa wengine hawatajificha tena humo.

"Mbwa walikuwa hawatusumbui, mzee," akasema, akanipa kalamu nisaini.