Shoti ya Beetlejuice inataka ndizi na ramu

Kila Oktoba inapoelekea ukingoni, huku Marekani mapishi ya vinywaji vya Halloween, sikukuu ya mavazi ya kutisha ya tarehe 31 Oktoba, hufurika kila mahali, na mengi yana kasoro moja: yametungwa kwa jicho, ulimi umesahauliwa. Mtu huchagua filamu, hutazama rangi za bango lake, kisha husaka chupa zenye rangi hizo. Ndiyo maana shoti nyingi (vigilasi vya pombe vya kunywa kwa funda moja) zenye jina la filamu ya Beetlejuice ni vodka, kitu cha kijani, kitu cha zambarau na maji ya ndimu ya chupa. Ukifumba macho ukainywa, hakuna kinachokukumbusha filamu hiyo wala nyingine yoyote.

Mimi nashikilia kwamba kinywaji cha filamu kianzie kwenye tukio lililomo ndani ya filamu. Katika Beetlejuice ya Tim Burton, filamu ya vichekesho vya mizimu ya mwaka 1988, tukio hilo ni meza ya chakula cha usiku, na sioni linaloweza kushindana nalo. Adam na Barbara Maitland, mtu na mkewe waliokufa ajalini, wanataka kuitimua familia ya Deetz iliyohamia nyumbani mwao kutoka New York. Mwenye nyumba mpya, Delia, anayeigizwa na Catherine O'Hara, anafungua kinywa kuzungumza na wageni wake, mara inatoka sauti ya Harry Belafonte ikiimba "Day-O". Wageni wanainuka na kucheza bila hiari yao, mpaka kamba wa baharini waliomo kwenye vibakuli wanageuka mikono na kuwadaka nyuso. Mizimu wenyewe wako juu darini, wakingoja kuona watu wakitoka mbio. Hakuna anayetoka. Wageni wamefurahi kupita kiasi na wanataka waonyeshwe tena!

Hivyo ndivyo ninavyotaka shoti ya Halloween iwe: imtishe mtu ikiwa mkononi, imfurahishe ikifika mdomoni.

Sasa usikilize wimbo wenyewe. Ni wimbo wa kazi kutoka Jamaika, wa wapakiaji wa ndizi waliokesha wakibeba mizigo, ramu ikiwatia nguvu, huku wakimngoja karani aje kuhesabu mikungu ili warudi makwao kunapopambazuka. Belafonte aliutoa katika albamu yake ya Calypso mwaka 1956. (Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyoimba Malaika na Miriam Makeba katika albamu yao ya 1965. Ukizipiga nyimbo hizo mbili zikifuatana, wageni wako kutoka Mombasa au Dar watajua sherehe ni yao pia.) Ndizi na ramu zimo ndani ya wimbo. Mapishi yalikwisha andikwa, kilichobaki ni kuyatii.

Ndizi ndiyo inayohitaji uangalifu. Ukiisaga, kinywaji kinakuwa kizito kama uji, na baada ya muda kinageuka kahawia. Pombe za ndizi za dukani nazo nyingi zinanukia peremende. Tengeneza shira. Chukua ndizi mbivu zilizoanza madoa meusi, zimenye, zikate vipande vyembamba, zichanganye na sukari ya uzito ule ule, funika bakuli, weka kwenye friji mpaka kesho yake. Sukari itayavuta maji ya ndizi pamoja na harufu yake. Chuja bila kukamua, kwa sababu ukikamua unarudisha ule uji. Shira hii haipikwi kama ya kaimati, na kwa kuwa haikuona moto, harufu ya ndizi inabaki mbichi kabisa.

Kwa watu 20, pima ramu nyeupe ya Jamaika mililita 300, shira ya ndizi 150, maji ya nanasi 150, ndimu zilizokamuliwa muda huo huo 100, na Midori 100, ile pombe tamu ya tikiti ya kampuni ya Suntory ya Japani, ambayo ndiyo inayoleta ukijani. Ramu iwe ya asilimia 40. Jamaika kuna nyingine ya asilimia 63, na hiyo itaua kila tunda lililomo. Tikisa kwa mafungu pamoja na barafu nyingi. Barafu ikiyeyuka itaongeza maji kiasi cha robo, na utapata kama lita moja, yaani mililita 50 kwa kila kigilasi. Nanasi likitikiswa hutoa povu zuri juu, liache. Kila shoti itakuwa na gramu tano na ushei za alkoholi, chini ya nusu ya kipimo cha kawaida cha kinywaji kimoja huko Marekani, gramu 14, kwa hiyo mtu akirudia mara ya pili haijawa balaa.

Kutisha tumwachie kamba. Mchemshe kwa chumvi, mpoze, mkamulie ndimu na pilipili kidogo, kisha mning'inize ukingoni mwa kigilasi, mkia ukiwa nje. Mgeni anakula kamba kwanza, halafu anamalizia kwa ule utamu mkali wa ndimu na nanasi. Waulize watu mapema nani ana mzio wa kamba, hilo si la kubahatisha.

Unga wa mkaa wa kutia weusi siutaki kabisa: huzuia dawa kufanya kazi mwilini, na mwaka 2018 jiji la New York liliupiga marufuku kwenye vyakula na vinywaji vya migahawa. Barafu kavu nayo, yaani hewa ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, ina ubaridi wa nyuzi 78 chini ya sifuri, na shoti hunywewa kwa funda moja, kipande kinaweza kumezwa. Ukitaka moshi, iweke kwenye beseni pembeni, mbali na vinywaji.

Wasiokunywa pombe wasipewe soda ya kopo huku wenzao wana kinywaji kilichofikiriwa tangu jana. Tikisa shira, nanasi na ndimu kwa vipimo vile vile, mimina, kisha jazia juu maji ya toniki, ile soda chungu kidogo, bila kukoroga. Toniki ina kwinini, na kwinini hung'aa buluu chini ya taa ya UV, ile ya mwanga wa urujuanimno. Iweke trei yao moja kwa moja chini ya taa hiyo, na kamba wao wawe wale wale.