Nyuzi 70 au maji vuguvugu? Mvutano kuhusu maziwa ya kopo

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) yalitoa mwongozo kwamba maziwa ya unga ya watoto wachanga yakorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi joto 70. Makopo mengi madukani yanasema vingine: chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, ndipo utie unga. Mzazi asiyenyonyesha, kwa sababu yoyote ile, anabaki njia panda.

Ubishi huu unatokana na jambo moja ambalo makopo hayalisemi wazi: unga huo haukosi vijidudu kabisa. Maziwa ya maji yaliyo tayari kunywewa hupitishwa kwenye joto kali la kuua kila kitu. Unga hukaushwa, halafu baadhi ya viambato huongezwa vikiwa vikavu, na hapo bakteria wanaweza kuingia. Wanaoogopwa zaidi ni wawili, Salmonella na Cronobacter sakazakii. Huyu wa pili huishi kwenye ukavu kwa muda mrefu sana. Ugonjwa wake ni nadra, lakini kwa mtoto mchanga huleta homa ya uti wa mgongo au sumu kwenye damu, na vifo katika milipuko iliyoripotiwa vimekuwa kati ya 20% na zaidi ya 50% ya waliougua.

Je, kiwanda hakipimi? Kinapima. Kanuni za Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, zinataka sampuli 30 za gramu 10 zisionyeshe Cronobacter hata mmoja, na sampuli 60 za gramu 25 zisionyeshe Salmonella. Ni kipimo kikali, ila fanya hesabu: sampuli 30 za gramu 10 ni gramu 300, pungufu ya kopo moja la gramu 400, nazo zinasimamia tani kwa tani za unga. Bakteria waliojibanza sehemu chache watapita. Kiwanda cha kampuni ya maziwa ya Lactalis kilichopo Craon, Ufaransa, kilihusishwa na aina moja ya Salmonella iitwayo Agona mwaka 2017, na zaidi ya maboksi milioni 12 ya unga yakarudishwa kutoka nchi 83. Kiwanda hichohicho kilikuwa kimehusishwa na aina hiyohiyo mwaka 2005, kikiwa chini ya mmiliki mwingine.

Kwa hiyo hoja ya nyuzi 70 ni kwamba jikoni ndiyo nafasi ya mwisho ya kuua kilichopita kiwandani. Tathmini ya wataalamu wa WHO na FAO ilionyesha kwamba maji ya nyuzi 70 hupunguza hatari ya Cronobacter kwa zaidi ya mara 100,000. Maji ya nyuzi 40 au 50 hayaui kitu, na maziwa yakikaa, yanampa bakteria joto analolipenda.

Upande wa pili nao una hoja. Makopo mengi ya siku hizi yana bakteria rafiki waliowekwa makusudi, na nyuzi 70 zinawaua hao pia. Vitamini C hupungua. Unga hushika mabonge, na mabonge huziba chuchu ya chupa. Kuna hatari ya kumuunguza mtoto, na nyumba ngapi zina kipimajoto? Tena si kila Cronobacter hutoka kiwandani. Mwaka 2022 kampuni ya Abbott ilifunga kiwanda chake cha Sturgis, Michigan, baada ya watoto wanne kuugua, wawili wakafa. Wakaguzi walimkuta Cronobacter ndani ya jengo, lakini vinasaba vyake havikulingana na vya sampuli za wagonjwa zilizochunguzwa. Marekani hiyohiyo Cronobacter amewahi kukutwa kwenye pampu ya kukamulia maziwa ya mama, na anaishi hata kwenye sinki la jikoni.

Tukipima pande zote, hoja ya bakteria rafiki ndiyo nyepesi kuliko zote: mtoto hafi kwa kuwakosa. Kwa aliye chini ya miezi miwili, mtoto njiti, au mwenye kinga dhaifu, nyuzi 70 hazina mjadala. Mamlaka za Marekani nazo zinashauri maji ya moto kwa kundi hili. Kwa mtoto mkubwa mwenye afya, maji vuguvugu yaliyochemshwa yanavumilika, mradi anywe palepale. Chupa iliyokorogwa saa nne usiku ili inywewe saa tisa, bila friji, ndiyo hatari yenyewe, hata ungeanza na maji ya moto.

Na nyuzi 70 zinapatikana bila kipimajoto. Chemsha lita moja hadi itokote, funika, na yatumie kabla ya dakika 30 kupita. Lita moja, si kikombe kimoja: maji kidogo kwenye sufuria ya bati hupoa haraka mno. Kosa tunaloliona sana ni kuchanganya maji ya moto na ya baridi kwanza, kisha kutia unga. Nusu ya nyuzi 90 na nusu ya nyuzi 25 hukupa kama 57 tu. Weka maji ya moto, tia unga, tikisa, halafu poza chupa kwenye bakuli la maji baridi yasiyofika kwenye mfuniko, na jaribu matone kwenye kifundo cha mkono. Yasiyonywewa ndani ya saa mbili yamwagwe, na mabaki ya mtoto aliyekwisha kunywa yasirudiwe. Kwa usiku au safari, beba maji ya moto kwenye chupa ya chai na unga uliopimwa kwenye chombo kikavu kilichochemshwa.

Joto sahihi haliokoi kipimo kibovu. Kuna makopo ya kijiko kimoja kwa mililita 30 na mengine kwa mililita 60, hivyo kijiko cha kopo la zamani kisihamie kopo jipya. Maji hutangulia, kijiko husawazishwa bila kushindiliwa. Bei ikibana, wengi hupunguza kijiko ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto hushiba maji, chumvi ya damu inashuka, na degedege linaweza kufuata. Kuzidisha unga nako huleta choo kigumu na upungufu wa maji mwilini.

Kuchemsha pia hakuondoi floraidi ya visima vya Arusha na Kilimanjaro wala chumvi ya visima vya Dar es Salaam. Kadiri maji yanavyopungua kwa kuchemka, ndivyo vinavyozidi makali. Tafuta chanzo kingine. Maji ya chupa ya dukani nayo yachemshwe.

Mwaka 2005 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, katika azimio WHA58.32, ulitaka wazazi waambiwe kwamba unga huu unaweza kuwa na vijidudu vya magonjwa, na inapofaa onyo hilo liandikwe wazi kwenye kifungashio. Hapo ndipo watengenezaji wanapokosa utetezi. Kuchagua maji vuguvugu kunaweza kujadiliwa; kumwelekeza mzazi wa mtoto wa wiki mbili maji hayohayo bila kumwambia sababu ya wengine kutaka 70 hakujadiliki.