Mkutano wa maegesho na huu mdomo wangu

Jumamosi asubuhi nimelala zangu, siku ambayo hata kunguru wanakupa heshima yako, mara nasikia spika inapita barabarani, "wananchi mnatangaziwa, leo saa nane mchana, ofisi ya serikali ya mtaa, kutakuwa na mkutano wa kutoa maoni kuhusu maegesho ya magari, wote mnaombwa kufika bila kukosa". Alafu lile gari la matangazo likasimama. Halikusimama kwa kupenda, lilikwama. Mbele kuna guta la nyanya, nyuma IST ya mtu amepaki kaenda kunyoa, pembeni bajaji mbili zinabishana nani arudi nyuma. Basi tukalisikiliza tangazo la maegesho dakika ishirini pale pale dirishani kwangu, maneno yaleyale, mpaka mtoto wangu wa mwisho akalikariri akawa analiimba wakati wa chai.

Mi nakaa hizi barabara za namba, Dodoma mjini kati, nyumba ya marehemu baba, vyumba sita na uwani. Mwaka 1973 walivyoamua makao makuu yahamie Dodoma, mzee akanunua kiti cha ziada, akasema wageni wanakuja. Tukakaa na hicho kiti zaidi ya miaka 40. Wageni wenyewe wakaanza kuja baada ya 2016, Magufuli alivyosema sasa serikali inahamia kweli kweli, wakaja kila mtu na gari lake, na kile kiti mpaka leo hakuna mgeni aliyekikalia, wote wanakaa ndani ya magari wamefunga vioo wanasubiri mtu.

Sensa ya 2012 tulihesabiwa watu 410,956, ya 2022 tukahesabiwa 765,179. Sio mtaalamu wa hesabu mimi, lakini barabara yangu upana wake ni uleule wa enzi za baiskeli. Wizara zilivyopelekwa Mtumba, kule mji wa serikali nje ya mji, tukashukuru, tukasema haya, wataenda na magari yao. Wapi! Ofisi iko Mtumba, ila kinyozi, fundi nguo, mchicha na nyama choma viko huku kwetu. Sa hivi kuna na barabara ya mzunguko, kilomita 112 na ushee, ili malori yapite nje ya mji yasitusumbue, jambo zuri sana, ila mimi sijawahi kuzibiwa mlango na lori. Mimi huzibiwa na mtu mmoja mstaarabu, kavaa shati la kuchomekea, "samahani mzee wangu, dakika mbili tu". Na Bunge la bajeti likianza mwezi wa nne ndo usiseme, mpaka mwezi wa sita unaishi kama umepanga kwako mwenyewe.

Saa nane nikafika. Mkutano ukaanza saa kumi. Pale ofisini kuna mwarobaini mmoja tu wenye kivuli cha maana, na tulikuta mabenchi yamepangwa chini yake vizuri, tukakaa. Wataalamu wakaja na magari matatu. Wakazunguka, wakatafuta pa kupaki, hamna. Mwenyekiti wa mtaa akaja mbio, "jamani wananchi naomba tusogee kidogo, wageni wetu wapate nafasi". Tukabeba mabenchi. Magari yakakaa kivulini sisi tukakaa juani, upepo ule wetu unatumwagia vumbi mdomoni, ndo tukaanza kujadili uhaba wa maegesho.

Kijana mmoja mtaalamu, mpole, ana miwani, akabandika mchoro mkubwa ukutani. Barabara yetu yote imepakwa rangi. Nyekundu ni hairuhusiwi kabisa, njano unalipia kwa saa, kijani ni ya wakazi wenye kibali. Akasema hakuna kilichoamuliwa, wamekuja kuchukua maoni. Nikamwangalia nikaona huyu mtoto hajawahi kuchukua maoni ya watu wa mjini.

Swali la kwanza, vibali ni vingapi. Akajibu kaya moja kibali kimoja. Akasimama mzee mmoja kofia mkononi, taratibu kabisa, akasema mwanangu mimi nina kaya mbili, moja hapa, moja Chang'ombe, na mnajua hilo wote, sasa mnanipa viwili au niache moja? Mkutano wote chini. Mwenyekiti anagonga meza, "wananchi, wananchi", na yeye anacheka mabega yanatikisika.

Akasimama jirani yangu wa ghorofa. Huyu nitamsema kidogo maana ananikera. Alivyovunja nyumba ya zamani akasema anajenga ghorofa la kisasa, chini maegesho, juu ofisi. Tulipiga mpaka makofi. Ghorofa likaisha, chini pale pa maegesho zikatokea fremu nane, moja inauza kava za simu, nyingine mitumba, nyingine wakala wa pesa, na ile ya pembeni kabisa ni baa. Wapangaji wa juu wanapaki kwangu. Wateja wa chini wanapaki kwangu. Wanywaji wa baa hawapaki, wanaacha tu. Basi huyu bwana ndo akasimama na kalamu mfukoni akasema, "tatizo kubwa la mtaa wetu ni wamachinga kuvamia hifadhi ya barabara". Mama wa chipsi alikuwa amekaa nyuma yake. Sitaandika alichomjibu, kuna watoto humu.

Ila na mama wa chipsi naye, tuseme ukweli, ana ndoo yake ya maji machafu anaiweka barabarani kila asubuhi kumshikia nafasi mteja wake mmoja wa Prado. Bodaboda wana matairi mawili na kibao wameandika wenyewe kwa rangi, "KITUO", hakuna aliyewapa. Fundi wa kuchomelea mageti amepanga mageti ya watu mpaka katikati. Kila mtu ana jiwe lake. Ukitaka kujua nani ana hela mtaani kwetu usiangalie nyumba, angalia jiwe.

Sasa sikiliza hii. Mama mmoja mtu mzima, mtulivu, yule anayetunza daftari la michango ya misiba, akanyoosha mkono. Akasema, "baba, nimeona njano yenu hiyo. Tukifiwa, turubai la msiba linafungwa barabarani, siku tatu au zaidi, linakula nafasi za magari manne au matano. Hilo turubai ni gari au sio gari?" Kimya. Yule kijana akafungua daftari, na haki ya Mungu ndo mara ya kwanza namuona anaandika kitu tangu afike. Mama hajamaliza. "Na kama linalipiwa kwa saa, namba ya malipo inatoka kwa jina la nani, la mfiwa au la marehemu?" Mwingine akadakia na harusi je, mwingine kitchen pati je, sherehe ya komunyo je, ngoma zikinoga zikaisha asubuhi yale masaa ya usiku yanahesabiwa? Kijana anaandika anafuta jasho. Nilimwonea huruma, kwenye ule mchoro wake kulikuwa na miti, taa, mifereji, hadi alama ya choo, ila hamna sehemu ya kufia.

Hapo ndo shetani akaniinua.

Nikasimama, nikapiga salamu ya nyumbani, "Mbukwenyi!", wakaitikia. Nikasema ndugu wataalamu, hii barabara ina nafasi, tatizo ni roho za watu. Kuna mtu anapaki gari kama amelizika. Anaweka mawe, anaweka matairi, barabara ya umma anaifanya chumba chake cha saba. Nikasema mimi naunga mkono watu walipe, tena walipe sana, anayekaa muda mrefu atozwe zaidi mpaka akili imkae sawa. Nikapigiwa makofi, na mimi makofi yananiharibu, nikaongeza, "na magari mabovu yote yaburuzwe!"

Makofi yakakata. Nikaona watu wanaangaliana, bodaboda mmoja ameinama anashika tumbo.

Hapa inabidi niwaeleze kitu ambacho nilikuwa nakipitia mbali. Nje kwangu, chini ya mti, kuna kigari changu cheupe. Kilizima 2019. Fundi alisema kuna kifaa kinatoka Dar wiki ijayo, na siku hizi treni ya umeme inatoka Dar asubuhi saa nne haijafika ishafika hapa, ila kifaa bado. Mimi sikioni kama gari bovu, nakiona kama gari linalosubiri. Humo ndani mama watoto anaweka gunia la mkaa, siti ya nyuma kuna kuku wangu analalia mayai, na wenye bajaji wakimshusha mtu wanauliza unashukia kwenye gari bovu au mbele yake. Ni kituo kinachojulikana kuliko kile cha kibao.

Yule kijana mpole akauliza kwa adabu, mzee unakaa wapi tuone kwenye mchoro. Nikamwonyesha nyumba. Akaweka kidole, akasema "aa, hapa", na mbele ya nyumba yangu pamepakwa njano, ndani ya njano kuna kiboksi kimeandikwa 14. Nikauliza hiyo 14 ni nini. Ni nafasi ya kulipia namba 14. Na bei je? Bei bado, ndo wanachukua maoni. Nikapiga hesabu pale pale nimesimama, hata tukisema 300 kwa saa, masaa 10, ni 3,000 kwa siku, siku 26 ni 78,000 kwa mwezi, wakati yule wa chuma chakavu kigari chote alinipa 400,000 nikamfukuza kwa matusi. Kuku wangu atakuwa ndo mpangaji anayelipa kodi kubwa kuliko wote ndani ya nyumba yangu.

Mwenyekiti akauliza, "mzee, kwenye maoni yako tuandike walipe sana?" Nikasema andika nitakuja ofisini Jumatatu.

Usiku, watu wamepungua, nikawaita vijana watano wa bodaboda tukisogeze uwani kimya kimya. Nikamtoa kuku, akanidonoa. Wakashika nyuma, moja, mbili, tatu, hamna kitu. Tena. Hamna. Kumulika na simu, matairi yameisha upepo zamani, na mvua za miaka yote hii zimekizamisha mpaka kwenye ringi, udongo umeshika kama saruji.

Bibi jirani, Mgogo wa Bahi, alikuwa amekaa barazani gizani, kumbe anatuangalia muda wote. Mnajua hadithi ya jina la huu mji, tembo alikuja kunywa maji akazama kwenye tope, watu wakasema amezama. Basi bibi akatoa ugoro mdomoni, akatema pembeni, akasema neno moja tu:

"Idodomya."

Vijana wakakaa chini kabisa kwa kucheka, wengine wamelala barabarani. Walivyoamka wakataka elfu tano ya kusukuma. Nikawauliza mmesukuma nini, limeenda wapi?

Nimemrudisha kuku wangu kwenye siti yake.