Mvua Zikianza, Fundi wa Chokaa Anarudi Kwenye Zege

Wiki iliyopita nilimkuta ba'mdogo Kariakoo, karai la zege begani, anapanda ngazi za ghorofa linalojengwa. Hatuna undugu wa damu. Nimemzoea hivyo tangu Juni, tulipoanza kazi pamoja kwenye ukarabati wa jengo moja la zamani kule mjini, mimi nikipiga picha na kuandika kumbukumbu, yeye akiwa fundi wa chokaa.

"Shikamoo ba'mdogo. Mbona uko huku?"

"Marahaba mwanangu. Vuli imeanza. Wametuambia twende nyumbani, tutaitwa."

Tutaitwa. Neno hilo limenikereketa wiki nzima, kwa sababu mafundi watatu niliowafahamu msimu wa juzi waliambiwa vivyo hivyo. Mmoja sasa anaendesha bodaboda, mwingine amerudi Kilwa, na wa tatu sijui yuko wapi. Hakuna aliyeitwa.

Nakubali, kazi ya chokaa haipendi mvua. Lipu mbichi ikinyeshewa inachuruzika yote, na jukwaa la milunda likilowa ni hatari kwa watu. Kwa hiyo kupiga lipu ya nje kati ya Juni na Oktoba ni sawa kabisa. Ninachokataa ni kumwachisha kazi mtu mwenye ujuzi kwa sababu tu hawezi kupiga lipu leo.

Ujuzi wenyewe haupatikani kila kona. Saidia fundi yeyote Dar anajua kuchanganya saruji. Chokaa ni kitu kingine. Inazimwa kwa maji, inachemka yenyewe mpaka unasogea nyuma, kisha inalazwa chini ya maji kwa wiki nyingi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Nilimwona ba'mdogo akiichota kwa mwiko, akiugeuza juu chini, akitazama inavyoshika. Ikidondoka haraka, anarudisha kifuniko na hasemi kitu. Ikifika siku ya kupiga, kwanza ananyweshea ukuta maji, halafu anapiga tabaka jembamba, anafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, anasubiri siku kadhaa, ndipo anaongeza la pili. Vijana wawili waliokuwa chini yake walikuwa ndio kwanza wameanza kuushika mkono wake pale Oktoba ilipoisha.

Na ukimkosa mtu kama huyu, anakuja wa saruji. Hapo ndipo nyumba zetu zinapokufa. Mawe ya matumbawe ya kuta hizi za zamani hunywa maji, ya ardhini na ya mvua, na lazima yapate pa kuyatolea. Chokaa inayapitisha. Saruji inayafungia ndani pamoja na chumvi yake, na kwa mji uliokaa pwani kama huu, chumvi ni nyingi. Kwa nje ukuta unaonekana mpya, umenyooka, watu wanapongezana. Mimi nimebandua kwa kidole kipande cha lipu ya saruji kisichozidi upana wa sahani, na jiwe lililokuwa nyuma yake likamiminika kama unga, limechanganyika na chembe nyeupe. Jiwe hilo lilikuwa limesimama zaidi ya miaka mia.

Tuna mifano ya kutosha ya kwamba inawezekana. Boma la Kale pale Sokoine Drive, la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid, ni matumbawe, chokaa na boriti, na limekarabatiwa, watu wanaingia na kutoka. Tunao pia mfano wa uchungu, wa ng'ambo tu ya maji, Zanzibar: Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha.

Mvua ndiyo wakati wa kujua nyumba inaumwa wapi. Gata lipi limeziba, maji yanaingilia dirisha gani, boriti ipi imeanza kuoza pale inapoingia ukutani. Hayo huyaoni Agosti. Na ndani kuna kazi tele: kupiga niru, ile chokaa laini ya kumalizia ukuta, vyumbani, kurekebisha milango, kuzima chokaa ya msimu ujao ili Juni ikifika iwe imeiva. Mafundi watano wakilipwa mwaka mzima, jengo halitasubiri mfadhili mwingine baada ya miaka ishirini. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964. Inalinda majengo. Natamani siku moja bajeti ya ukarabati iwe na mstari wa kumlinda na anayejua kuyatunza.

Tulipokuwa tunaagana, ba'mdogo hakuniuliza habari za malipo wala za kuitwa. Aliuliza, "Yale mapipa mawili ya chokaa, mliyafunika?"

Jumamosi nikaenda kuangalia. Pipa moja limejazwa maji ya kuchanganyia saruji. La pili limelazwa ubavu, tupu. Chokaa yake, ile ya tangu Agosti, imemwagwa chini kando ya ukuta, na mvua ilikuwa ikiiosha polepole, maji meupe yakiteremka kuelekea mtaroni.