Bunduki ndogo ya wenzo shambani: haja au hamu?

Jirani yangu mmoja wa upande wa Kilolo, Iringa, mkulima wa mahindi na viazi, ana jambo moja rohoni tangu msimu uliopita. Anataka kuomba kibali cha bunduki ndogo ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi), ile inayokokiwa kwa wenzo, na kwenye barua ya maombi aandike kwamba ni ya kufukuza ngedere na nguruwe pori. Akaniuliza nasemaje. Nikamwambia bunduki ni nzuri, sababu ndiyo mbovu. Tukabishana mpaka chai ikapoa, ingawa kwa baridi ya Kilolo hilo halichukui muda.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi huku tunazozijua ni gobore, shotigani na SMG, yaani AK-47. Hii ina mrija wa risasi chini ya mtutu. Unavuta kijiti cha shaba kilichomo ndani yake, unadondosha risasi moja moja tunduni, kumi na tano kwa zile za kawaida za kampuni ya Henry ya Marekani, kisha unakirudisha. Vidole vya mkono wa kulia vimeingia kwenye kitanzi cha chuma nyuma ya triga, ndicho wenzo wenyewe. Ukikisukuma chini na mbele, ganda linaruka pembeni na nyundo inabaki imekokiwa. Ukikirudisha, risasi mpya imeshaingia chemba. Bunduki haijatoka begani. Marlin, kampuni nyingine ya Marekani, walianza kuuza ya kwao ya .22 mwaka 1891, mwaka uleule Wahehe walipomtandika Zelewski, kamanda wa Kijerumani, pale Lugalo na kuzoa bunduki za askari wake.

Risasi yake nayo ina tabia yake. Kiwashio hakikai katikati ya kitako cha ganda, kimo ndani ya ukingo, na pini inagonga ukingo huo. Ndiyo maana ni rahisi kuitengeneza, na ndiyo maana ganda lililokwisha kupigwa halijazwi tena. Kichwa chake cha risasi huwa na gramu 2.6 hivi, na nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya SMG. Haina teke. Mzee wa miaka sabini anaweza kulenga makopo asubuhi nzima na bega lisimuume.

Hapo ndipo ninapomwelewa jirani. Bunduki ya wenzo haimimini risasi kwa kushikilia triga. Kila mlio unaudai kwa mkono wako, na katika ile nusu sekunde ya kusukuma kitanzi unapata nafasi ya kufikiri. Kwa kumfundisha mtu shabaha, pumzi na subira, sioni ya kuishinda. Tena yeye anapita mlango wa mbele: serikali ya kijiji, kamati za ulinzi na usalama, polisi, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015. Silaha yenye namba na mwenye kujulikana ni afadhali mara mia kuliko gobore la fundi wa porini ambalo hakuna aliyelihoji. Hoja hii sina jibu lake, na nilimkubalia.

Ila ngedere na nguruwe? Nguruwe pori ana ngozi ngumu na mifupa mizito. Ukimpiga kwa gramu 2.6 hafi pale. Anaingia kichakani na jeraha, na kesho yake anayekutana naye ni mama aliyekwenda kutafuta kuni. Halafu mnyamapori si mali ya mwenye shamba. Kumuua bila idhini ya watu wa wanyamapori kunaweza kukuletea kesi, hata kama kakumalizia ekari nzima. Ngedere nao, ukimwangusha mmoja, wenzake wanahamia upande wa pili wa shamba, na keshokutwa wamerudi. Wanaovuna vizuri pale kijijini ni wale wanaopeana zamu ya kulinda mahindi yakianza kukomaa, na mbwa wawili wakali.

Kinachonitisha zaidi ni huo udogo wenyewe, maana watu huuona wakadhani ni mchezo. Risasi ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na ikigonga jiwe au maji huruka kwenda isikotarajiwa. Mpiga shabaha makini hupiga penye ukingo wa udongo nyuma ya shabaha. Ngedere hakai mbele ya udongo, anakaa mtini, nawe unalenga juu, na nyuma yake kuna anga tupu. Nyanda zetu hizi ni vilima na mabonde, na kila kilima kina moshi wa jiko la mtu. Halafu kuna ule mrija: ukifungua chemba ukaiona tupu, usidhani na mrija ni mtupu. Risasi moja iliyokwama humo inatosha kuleta msiba sebuleni.

Kuna la mwisho ambalo wengi hawalifikirii wanapoomba. Silaha hairithiwi kama ng'ombe. Ukifa, familia inapaswa kuipeleka polisi, na mwanao akiitaka aanze maombi yake mwenyewe.

Nilimwambia basi, kama ni hamu, andika hamu: nataka kulenga shabaha, nina korongo lenye ukingo wa udongo, nina kabati la chuma. Akacheka. "Kamati gani, bwana, itampa mtu bunduki kwa sababu anaipenda?" Alikuwa na haki ya kucheka. Tumezoea kuulizwa haja tu, kwa hiyo kila mwenye hamu anatafuta nguruwe wa kumsingizia. Mimi bado naona anayesema ukweli kuhusu hamu yake ni rahisi kumpima kuliko anayejificha nyuma ya mahindi.

Jumamosi tulikwenda shambani kwake, tukasimama pale anaposimamaga yeye ngedere wakija. Alininyooshea kidole mti wanaoupenda. Nyuma yake, ng'ambo ya bonde, bati jipya la shule lilikuwa linang'aa. Aliliangalia kitambo, hakusema kitu, tukarudi. Barua bado hajaiandika.